Maelezo Kuhusu Cyriaque, Aliyefika Ziwani kwa Baiskeli

KITUO CHA POLISI, MPANDA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Emelyne binti Anselmo
Umri: Miaka 14
Kabila: Mrundi
Dini: Mkristo
Kazi: Mwanafunzi, darasa la saba
Makazi: Katumba

Leo tarehe 25 Juni 1997, mbele ya Koplo Masele, naahidi kusema yote niliyoyaona na kuyasikia bila kupunguza, hata pale ambapo baba mdogo wangu mwenyewe alisema tofauti.

Baba yangu Anselmo ni marehemu. Nimelelewa na mama yangu Ernestine pamoja na mdogo wake baba, Cyriaque, mwenye umri wa miaka 34. Mimi nilizaliwa Katumba. Yeye alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka tisa, na tangu hapo anaishi Katumba na kulima tumbaku na mahindi. Hajawahi kurudi ng'ambo.

Shuleni nimelichora Ziwa Tanganyika mara nyingi lakini nilikuwa sijaliona. Baba mdogo aliniahidi kwamba nikifanya vizuri mtihani wa majaribio atanipeleka wakati wa likizo. Nilishika nafasi ya pili. Aliniambia, "Wa pili anakaa keria. Ungekuwa wa kwanza ungekaa kwenye siti, mimi nikae keria."

Mnamo tarehe 16 Juni, siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Katumba kwa baiskeli yake, Phoenix nyeusi. Tulikuwa na kibali cha kutoka makazini chenye majina yetu wote wawili. Usiku wa kwanza tulilala Misunkumilo kwa waumini wenzetu, usiku wa pili tukalala njiani kwa warina asali. Penye mlima tulisukuma. Penye mteremko mkali alinishusha nitembee, akasema breki za baiskeli hazijasoma kama mimi.

Jumatano mchana tulifika juu ya mteremko wa mwisho, na nikaliona ziwa. Nilitafuta mwisho wake, nikaona milima ya Zaire kwa mbali, nchi ambayo mwalimu alituambia siku hizi inaitwa Kongo. Nilimwonyesha baba mdogo kwa kidole. Tulikuwa tumesimama, lakini alikuwa bado amekaza breki.

Jioni hiyo tulifika Kapalamsenga, tukapokelewa na mama mmoja anayeitwa Prisila, anayeuza samaki wakavu aina ya mgebuka. Alituuliza, "Nyie watu wa tumbaku, mmekuja kununua au kuoga?"

Baba mdogo akajibu, "Tumekuja kuangalia, mama."

"Kuangalia maji? Basi huko kwenu hakuna kazi!"

Alicheka sana, kisha akatupa mkeka na ugali. Tulilala kwake usiku wa Jumatano na wa Alhamisi. Ninamtaja kwa sababu alituona tukifika kutoka upande wa barabara, tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alhamisi tuliendesha baiskeli kufuata ufuko. Tulipita chini ya michikichi na kando ya dagaa walioanikwa mchangani. Maji yalikuwa maangavu, mawe ya chini yakionekana. Niliyaonja, hayana chumvi. Siku hiyo nilikuwa na furaha, na ninaomba hilo nalo liandikwe.

Ijumaa tarehe 20 Juni, saa moja asubuhi, tulikwenda kusini kutafuta mahali alipoteremkia alipokuwa mtoto. Kama saa nne tulifika kwenye ufuko wenye mawe makubwa, usio na nyumba. Alisema ni hapa. Kisha akasema labda si hapa, kwa sababu jiwe alilolikalia akimsubiri mama yake lilikuwa kubwa zaidi. Nilimwambia labda yeye ndiye alikuwa mdogo. Sikumuuliza kama mama yake alifika. Mimi sina bibi.

Tukiwa pale, mtumbwi wenye injini ulitokea ukiwa umejaa watu waliokimbia kutoka ng'ambo. Upepo ulikuwa mkali, na dereva alikataa kusogea karibu na mawe. Wanawake walianza kuruka majini wakiwa wamewainua watoto juu ya vichwa. Baba mdogo alivua katambuga zake, akazitundika kwenye usukani, akaniambia, "Kaa hapa juu na baiskeli. Mchanga usiingie kwenye mnyororo." Akaingia ziwani hadi kifuani. Hajui kuogelea. Aliwabeba watoto mmoja mmoja hadi nchi kavu, akisema nao Kirundi. Mtoto mmoja alikataa kumwachia shingo, ikabidi arudi naye majini kumfuata mama yake.

Mtumbwi ulipogeuka kuondoka, lori lilifika likiwa na mgambo wawili. Waliwapanga wote waliolowa, na baba mdogo akiwamo. Nilimsikia akisema kwamba yeye ni mtu wa Katumba na amefika kwa baiskeli. Alitoa kibali kwenye mfuko wa shati. Wino ulikuwa umeenea wote, na karatasi ilikatika mkononi mwa yule mgambo.

Mgambo akasema, "Umelowa, unaongea kama wao, halafu umekuja kwa baiskeli? Baiskeli ya kuogelea?" Mwenzake akacheka.

Niliacha baiskeli, nikateremka mbio na zile katambuga. Mgambo akaniuliza viatu ni vya nani. Nikajibu, "Ni vya baba mdogo wangu, yule pale."

Akasema, "Kumbe wako wawili. Haya, panda na wewe."

Hapo baba mdogo alinitazama. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Mimi huyu binti simfahamu. Na viatu si vyangu."

Nilimwita kwa jina. Akarudia, "Simfahamu. Mwacheni aende kwao."

Mgambo akaniambia, "Unaona? Hata viatu vimekukataa. Toka hapa." Wakapanda wote, lori likaondoka. Baba mdogo alikaa akiwa amenipa kisogo, naye alikuwa peku.

Sijui lori lilikoelekea. Wapo waliosema ni kambi za Kigoma, na wapo waliosema watu wale watarudishwa ng'ambo.

Nilirudi kwa Prisila. Alisema, "Wakija kuniuliza nitasema, mwanangu. Lakini wataniuliza lini?" Jumamosi alfajiri nilianza safari ya kurudi. Siti iko juu sana kwangu, hivyo niliendesha nikiwa nimepitisha mguu katikati ya fremu, na mara nyingi nilisukuma. Watu tuliowasalimia wakati wa kwenda waliniuliza mwenzangu yuko wapi. Niliwajibu yuko nyuma, anakuja. Niliposema hivyo mara ya kwanza niligeuka kuangalia. Nilifika nyumbani Jumatatu jioni.

Mama alinisikiliza, kisha akatenga chakula cha watu watatu kama kawaida.

Ninajua kwamba Cyriaque alisema hanifahamu, na kwamba neno hilo linaweza kutumika dhidi yake. Ninaeleza kwamba katika safari yote huo ndio uongo pekee aliousema, na aliusema ili nisipandishwe lorini. Naomba Prisila wa Kapalamsenga aulizwe, na waliotulaza Misunkumilo waulizwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na ninayatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi: Emelyne Anselmo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Masele, nikamsomea shahidi mbele ya mama yake, naye akakubali kuwa ni sahihi. Baada ya kutia sahihi ameomba liongezwe swali moja, na apelekewe jibu kupitia ofisi ya makazi Katumba. Nimeliandika kama alivyolitamka:

"Mkimpata, mtamwambia kwanza kwamba nimefika nyumbani, kabla ya kumuuliza kama ananifahamu?"