Nesi wa Kikosi cha Fahali

Jumanne, 2 Septemba 2025

Hilda kaweka uji mlangoni kama anayelisha mbwa wa jirani. Shikamoo kaitupia ukutani. Binti yangu ananichukia kwa adabu — adabu nilimfundisha mwenyewe. Daktari kasema figo zimekwisha. Wiki, si miezi. Vumbi la Miyuji limeingia mpaka kwenye Biblia.

Saa kumi alirudi kutoka kazini, akakaa sebuleni na simu, wakaanza tena vita vyao, yeye na kaka yake. Ukuta ni mwembamba. Miaka kumi na tisa mwanangu Obedi hajakanyaga hapa. Sauti yake huja kila siku kutoka Chemba kupitia mchezo ule wa vita wa kwenye simu, ikicheka.

Hawajui kwamba kwenye kikosi chao nimo.

Ijumaa, 5 Septemba

Niandike ilivyo. Kishikwambi chakavu cha Hilda nilikikuta kabatini mwezi wa sita. Mchezo nilijifunza peke yangu, kwa ubishi. Jina la kikosi nililisikia ukutani. Nikaomba kujiunga, nikajiita Nesi. Mikono inatetemeka, kulenga siwezi. Kazi yangu ni kuinua walioanguka: unapiga magoti kando ya mtu, unamshika sekunde sita, anasimama. Huandika tu, kipaza sauti nimekizima.

Leo nimemwinua Obedi mara tano. Mchezoni yeye ndiye Fahali. "Nesi, umeolewa? Nina ng'ombe." Hilda akacheka. Kisha akamwambia: kaka, Mzee hali tena.

"Huyo hafi upesi. Hata kaburi huchagua."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Hilda akagonga ukuta ninyamaze.

Jumatatu, 8 Septemba

Mchungaji Daudi kaja, kaniombea kwa sauti ya msibani. Kauliza kama nina neno moyoni. Nikasema sina. Mwongo mimi.

Nilikuwa mkuu wa shule. Karatasi za mtihani ziliibwa, zikakutwa chini ya godoro la Obedi bwenini. Nikatangaza shule nzima: kesho paredi nitamchapa na kumfukuza. Isije ikasemwa nampendelea mwanangu. Asubuhi, kabla ya kengele, karani wangu Yasinta akaniambia amemwona aliyeziweka pale — mtoto wa mjumbe wa bodi. Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa nimeshatangaza.

Fimbo sita. Nilihesabu kwa sauti, kama desturi yangu. Baada ya nne huwa nasita, nasema "simama sawa", namalizia mbili. Obedi hakulia. Aliniangalia tu.

Nataka ajue kabla sijafa. Nikimpigia simu, anakata.

Jumatano, 10 Septemba

Nimejiumbua. Obedi alianguka nyuma ya ghala, nikamkimbilia. Kidole kiligusa kipaza sauti, sikuona. Nikawa nahesabu zile sekunde, kama ninavyofanya siku zote. Moja, mbili, tatu, nne. Simama sawa. Tano —

Kicheko chake kilikatika. Hilda naye akanyamaza, kwenye kishikwambi na ng'ambo ya ukuta.

"Hilda," Obedi akasema. "Huyo Nesi yuko wapi?"

Nilisema haraka, kabla pumzi haijanikimbia. Obedi, hukuiba. Nilijua kabla ya paredi. Yasinta aliniambia.

Akasema: "Mama alikufa akiniombea niache wizi." Akatoka mchezoni.

Mke wangu Loisi. Hilo nalo ni langu.

Alhamisi, 11 Septemba

Uji haukuja. Hilda kasimama mlangoni, bila shikamoo. "Miezi minane nakuogesha. Hata mimi hukuniambia." Kaondoka, hakufunga mlango.

Saa kumi. Mwaliko umetokea: Fahali anakuita. Si kikosi. Wawili tu, uwanja mtupu, hakuna wa kumwinua mwenzake.

Nimekubali. Bunduki yangu nimeitupa chini. Kishikwambi kiko gotini, naandika kwa mkono mmoja. Obedi amesimama mbele yangu, kanielekezea bunduki usoni. Hapigi. Kipaza sauti chake kiko wazi: nasikia mbuzi, nasikia anavuta pumzi. Hilda amerudi mlangoni.

Nimesema, "Obedi."

"Hesabu, Mzee. Kwa sauti."

Nimefika nne.