Gambuti za Baba Kwenye Tope la Mfereji

Mpendwa Baba,

Kaa vizuri huko uliko, maana nina habari na sijui nianzie wapi! Nimefika Voi sasa hivi kutoka kijijini kwetu Mghange, tope bado liko kwenye kucha, hata chai sijachemsha, na tayari nimeshika kalamu. Ungekuwepo ungesema, "Wakesho, pumua kwanza." Sipumui, Baba. Nimekiri! Mbele ya watu wote wa mfereji nimesema ni mimi.

Unaikumbuka ile Alhamisi Kuu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mvua imegoma, na kabeji zetu zimeanza kukunja majani. Maji ya mfereji yalikuwa ya zamu: sisi Jumanne, Mzee Mwakio, jirani wa chini, Alhamisi. Wewe ulikuwa kanisani ukipanga viti vya ibada, na Mwakio alikuwa amempeleka mkewe hospitali. Nikayaona maji yakipita mbele ya shamba letu, yakielekea kwa mtu aliyesogeza mpaka wetu, mtu ambaye hata salamu zako alizipokea kwa kukohoa. Nikashuka pekupeku, nikang'oa mawe na udongo, nikayageuzia kwetu. Kabeji zilikunywa zikashiba. Nilijiona shujaa.

Asubuhi yake, Ijumaa Kuu, tulikuwa tunakula kimanga kilicholala, ule mseto wetu wa muhogo na maharagwe. Ukaitazama miguu yangu. Tope lilikuwa limekauka mpaka magotini, nami nikajifanya natafuta chumvi. Hukuuliza kitu. Ulivaa gambuti zako ukatoka, na ulipokawia nikajua umeenda kukata fimbo.

Kamati ya mfereji ilikuja kabla ya ibada. Mwakio alikuta maharagwe yake makavu na kabeji zetu zimelowa, kwa hiyo hapakuwa na la kuficha. Ukawaambia maneno matatu tu: "Kosa ni langu." Nimeyachunguza maneno hayo miaka yote hii, na hamna uongo ndani yake.

Sheria ilikuwa moja: anayeiba maji anakosa zamu mpaka mvua inyeshe. Kabeji zikafa zote. Wewe, mzee wa kanisa, ukaambiwa ukae benchi la nyuma, na Pasaka ile sahani ya sadaka ikashikwa na mwingine. Watoto wakakuita Mzee Mfereji, ukacheka nao. Mimi nilikufa kwa aibu, lakini mdomo haukufunguka.

Kamati ilipoondoka uliniita nyuma ya jikoni, ukamimina maji ya mwisho ya mtungi kwenye beseni, ukaniosha miguu. Nililia mpaka nikapata kwikwi. "Imekwisha," ukasema, ukanipa kanga ya Mama nijifute. Hukulitaja tena hadi tulipokuzika. Nami nikakuacha uzikwe na jina la mwizi.

Sasa sikia kilichonisukuma. Jumapili iliyopita, katika darasa la watoto ninalofundisha kanisani hapa Voi, nilikuwa naeleza habari za msalaba, nimenoga kabisa, nikidhani naeleweka. Mghoi, msichana wa miaka saba, akainua mkono. "Ticha, si Mungu angesamehe tu? Kwani lazima mtu aumie?" Nikasema tutaendelea wiki ijayo, ujanja wa walimu wote walioshindwa. Swali lile lilinifuata wiki nzima, hadi sokoni nikipima nyanya.

Leo Jumamosi ilikuwa siku ya kuzibua mfereji. Nikapanda Mghange na jembe langu. Tulipokaa kula, nikasimama nikasema yote. Mzee Mwakio, ambaye siku hizi anatembea na mkongojo, akaanza kucheka polepole.

"Mwanangu, kwani ulidhani sijui?" akasema. "Asubuhi ile nilipanda mapema kuangalia. Nikaona vinyayo kwenye tope, vidogo, vya mtoto, na vidole vyote vinaonekana. Nikasema leo ni leo. Kumbe babako naye yuaja! Nikajificha kwa migomba. Akavikanyaga na gambuti, kimoja kimoja, mpaka vikaisha vyote. Halafu akajikalia hapo juu ya jiwe, anaimba."

"Na hukusema, Mzee?"

"Ningesema nini, na mimi ndiye nilimsogezea mpaka? Mahubiri yake yalikuwa yananipa usingizi, lakini siku hiyo niliamka. Pasaka ile nilikaa na yeye benchi la nyuma."

Baba! Kumbe ndiyo sababu! Nilimwona pale kando yako nikadhani amekuja kukucheka. Na ule mpaka ulirudi mahali pake mwaka uleule, nasi tukasema ni chifu.

Miaka yote nimeimba kwamba Mungu ananipenda, nikiimba tu kama wimbo wa shule. Leo nimeushuka mlima ule nikiimba peke yangu kwa sauti, watu wakinigeukia, na sijali! Maji niliyoiba yalikuwa yameshapita, hayangeweza kurudi mlimani. Hasara ilikuwepo tayari, ilikuwa inatafuta wa kumwangukia, na nyayo zilikuwa zinaielekeza kwangu. Mtu alilazimika kuzikanyaga, Baba, na ukaenda wewe, ukiimba. Naye Mungu alifanya vivyo hivyo kwa ajili yetu sote, na kwa ajili ya Mwakio aliyejificha migombani.

Nakupenda. Nisamehe kwa kuchelewa, ingawa najua ulishanisamehe kabla hata sijamaliza kimanga.

Kesho nitamjibu Mghoi. Nitaingia darasani na gambuti zako, zile Mama alizozihifadhi chini ya kitanda, nami nimeshuka nazo leo, niziweke mezani. Bado zina tope.

Binti yako, mwizi wa maji uliyemwosha miguu,
Wakesho