Cherehani ya Jirani Iko kwa Mama Yangu

Mpendwa Shangazi Persis, nimekwama na hapa mtaani sina mtu ninayeweza kumwambia haya, kwa hivyo naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unishauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi na mume wangu Ogoti katika nyumba za kupanga karibu na Mosocho, na tangu mwaka huu uanze hatuna amani kwa sababu wezi wanaingia mchana, watu wakiwa kazini au sisi Waadventista tukiwa kanisani Jumamosi, wanavunja kufuli wanabeba mitungi ya gesi, televisheni, hata nguo zilizoanikwa, na juzi juzi waliingia kwa jirani yangu Abigael, mjane anayeshona sare za shule, wakabeba cherehani yake pamoja na meza, na tangu hapo wateja wakija anawarudishia vitambaa vyao halafu anakaa mlangoni akitazama barabara.

Kamati ya usalama ya mtaa ikaitisha mkutano na mwenyekiti, Mzee Nyakundi, akasema, "Mwizi hatoki mbali. Tuulizane ni nani hapa hatujui kwao," na watu wote wakamgeukia Ochanda, fundi wa kuchomelea vyuma aliyetoka upande wa ziwani, ambaye anaishi hapa na mke wake Achola na watoto, na kosa lake ni kwamba huja nyumbani na mkokoteni wa vyuma chakavu. Ochanda akasimama akasema, "Nyumba yangu iko wazi, njoeni mpekue," wakaenda wakapekua hadi chini ya kitanda wasipate kitu, lakini kijana mmoja akasema basi ameshauza, wakampiga makofi watoto wake wakiona, kisha ikaamuliwa ahame mwezi ukiisha, na kitu kingine kikipotea kabla hajahama hakuna haja ya kuwasumbua polisi, na Shangazi unajua huku kwetu maneno hayo maana yake ni petroli na tairi.

Jumapili iliyofuata nilienda Manga kumwona mama yangu, Nyakerario, nikamkuta anashona kwa cherehani ya meza ambayo sikuwahi kuiona kwake, akaniambia kwa furaha, "Ona kitu Onyancha ameniletea! Huyo ndiye mtoto anayenikumbuka." Onyancha ni mdogo wangu, anaendesha boda boda hapa Mosocho na hula kwangu karibu kila siku, anajua nani hutoka na nani hubaki. Nikavuta droo ya ile meza nikaona kipande cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia ambacho mume wangu mwenyewe alimpigilia Abigael droo yake ilipopasuka, nikaifunga bila kumwambia mama, nikanywa chai nikaaga.

Nilimpigia Onyancha simu akasema, "Dada, nilinunua kwa mtu sokoni, acha maswali," akakata, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Ogoti nilipomweleza akasema, "Ukifungua mdomo watamchoma ndugu yako. Huyo Ochanda ni fundi, atapata nyumba kwingine." Nikamtii. Sasa juzi Achola alinikuta bombani akaniuliza, "Mama Kemunto, na wewe pia unaamini ni sisi?" nikamjibu nina haraka, nikaondoka na ndoo haijajaa. Nikisema nimemuua ndugu yangu, nikinyamaza wanaweza kumuua mtu ambaye hana kosa. Nifanye nini?

Mama Kemunto, Mosocho

*

Mama Kemunto,

Majina yote, ya watu na ya mahali, tumeyabadilisha, kwa hivyo pumua kwanza.

Nakuonea huruma, kwa sababu hukuiba na mzigo umeangukia kichwa chako. Lakini pale bombani mwenzako alikuomba neno moja tu, ukamnyima. Hilo ni lako wala si la Onyancha.

Mumeo amekosea kwa jambo kubwa. Anadhani kimya chako kinamlinda shemeji yake. Kinamlinda vipi? Wezi wataingia tena Jumamosi nyingine, na siku ambayo Onyancha atakamatwa akitoka mlangoni mwa mtu, vijana walewale waliompiga Ochanda ndio watakaomzunguka. Hapo hutakuwa na muda wa kuita mtu. Kama unampenda, heri awe mahabusu akiwa hai.

Kwa hivyo usiende kwenye mkutano kwanza. Usimtaje ndugu yako mbele ya watu walio na hasira. Mpigie simu leo, tena mkiwa na Ogoti, mwambie ajipeleke polisi mwenyewe, na kama kweli alinunua sokoni, akamtaje huko aliyemuuzia. Usimpe wiki ya kufikiria. Akikata simu, nenda wewe na Ogoti kwa naibu wa chifu, kwa kuwa mumeo ndiye aliyepigilia lile bati na ushahidi wake una uzito, na umwombe naibu awafikishe kituoni. Mweleze pia vitisho alivyopewa Ochanda, ili polisi wavijue kabla mtu hajaumizwa.

Mama yako asisikie habari hii kwa mtu mwingine. Panda Manga, keti naye, umwambie. Atalia, na huenda akakulaani kwa siku kadhaa. Vumilia. Cherehani isiondoke pale hadi polisi waione. Ikirudi kwa Abigael, irudi mchana, watu wakiona.

Ndugu yako akishakuwa mikononi mwa polisi, na si kabla, mwambie Mzee Nyakundi aitishe mkutano. Simama useme kwamba Ochanda hakuiba na kwamba wewe ulijua ukakaa kimya. Wapo watakaokuzomea. Wengine watauliza kama nawe ulikula vya wizi. Jibu kwa kifupi, kisha umtake mwenyekiti afute uamuzi wa kumhamisha, hapo hapo, na waliompiga waombe msamaha mbele ya watoto waliotazama.

Mwisho, nenda kwa Achola bila kubeba zawadi. Usimweleze jinsi ulivyoteseka, maana yeye ameteseka zaidi. Mwombe radhi. Akikufungia mlango usiugonge tena. Rudi kwako, na kesho mkikutana, msalimie.

Shangazi Persis