Kilicho chini ya chumba cha mama mkwe

Jumatatu, 10 Novemba
Wateja wa picha za pasipoti tangu asubuhi. Printa imekwama, nimeipiga kofi, ikatii. Adhuhuri sauti ile tena: du, du, chini ya sakafu ya chumba cha mama mkwe. Kitanda chake kinatetemeka. Nimemwambia jirani yetu, Tata Kazadi. Amesema ni panya. Hapa Kasulo, watu wanachimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, na ananiambia panya! Uwanja wake umezungushiwa maturubai pande zote. Nina hasira.

Jumanne, 11 Novemba
Sakafu ya chumba kile ina ufa karibu na ukuta. Kidole kinaingia. Nimekumbuka kamera ya mume wangu Rajabu: waya mrefu, jicho dogo nchani, ya kuchungulia ndani ya injini ya lori. Yeye yuko safarini na lori, barabara ya Lubudi, simu haipatikani. Nimeichomeka kwenye kompyuta yangu ya kazi. Imelia ting, kisha inasema hakuna kamera. Nimebadilisha tundu. Hakuna. Nimezima, nimewasha. Hakuna.
Nimemwomba mama mkwe ahamie sebuleni.
"Mi siwezi toka mu chumba mwenye bwana yangu alikufia," amesema. "Uko na woga ya bure."
Nimelia kidogo jikoni.

Jumatano, 12 Novemba
Mvua. Nimepekua mipangilio yote ya kompyuta. Mwishowe nimeona: ruhusa ya kamera ilikuwa imefungwa. Nimeifungua. Picha ikatokea. Uso wangu mwenyewe, kilemba upande! Ilikuwa kamera ya kompyuta, si ile ya waya. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Pembeni kuna alama ya kubadilisha kamera. Nimebonyeza. Giza. Nikadhani imeharibika. Halafu nimegusa kigurudumu kidogo kilicho kwenye waya, taa ikawaka. Nimeona nyuzi za mkeka, nene kama kamba. Hakuna aliyenifundisha. Ni mimi, Mwamini.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimeteremsha waya kwenye ufa. Saruji. Udongo mwekundu. Kisha hakuna udongo tena, hewa tupu. Nimeuzungusha polepole: nguzo ya mti, mfuko wa mawe, ukuta wenye alama za sururu. Njia nzima ya wachimbaji, chini ya kitanda. Nimerekodi yote.
Nimemwita mama mkwe. Ameinama mbele ya kioo cha kompyuta. Mkono wa mtu ukapita mbele ya taa. Amerudi nyuma.
"Beba kitanda," amesema.
Tumekibeba pamoja, mpaka kwa wifi yangu, avenyu ya pili.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimepeleka kompyuta kwa chef wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu. Tata Kazadi ameitwa.
"Ile ni filme ya ku interneti," amesema.
Sikubishana naye. Nimemgeukia chef: "Twende, tata, utaona we mwenyewe."
Kule chumbani nimechomeka waya mbele yao wote. Imewaka mara moja. Nimejivunia siku nzima. Chef ameona miguu ya mtu ikipita. Amekwenda moja kwa moja nyuma ya maturubai ya Tata Kazadi, kwenye mdomo wa shimo, na kuwaita wachimbaji watoke. Wametoka mmoja mmoja, vumbi mpaka kwenye kope. Vijana wa Kasai, wengine wa Kapanga. Hawakujua wamefika chini ya nyumba ya watu. Mmoja ameniomba samahani. Tata Kazadi hakuniangalia.

Jumamosi, 15 Novemba
Mvua kubwa tangu alfajiri. Mchana sakafu imeanguka. Chumba chote, na ukuta wa nyuma pia. Hakukuwa na mtu juu. Hakukuwa na mtu chini. Nimesimama kwenye mvua nikiangalia. Nyumba inaniuma. Lakini watu wote wako hai, na kazi hiyo nimeifanya mimi. Naandika hivyo bila aibu.

Jumapili, 16 Novemba
Rajabu amefika. Ameangalia shimo, kisha mimi. Amenishika mkono mbele ya watu, jambo asilolifanya kamwe. Chef anasema Tata Kazadi atalijaza shimo. Kama tutarudi, sijui bado.
Majirani wamekuja kwa wifi, tunakolala sasa, kutoa pole. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa chai, amewaambia pale nje: "Ni mukazamwana wangu alituokoa."
Nimesikia kupitia dirisha. Sikutoka. Nimeendelea kuosha mchele.