Jembe Limetulia, Mie Bado

Jumatatu, 3 Februari 2025
Jembe la trekta limenipiga tairi tena! Natoka barabarani naingia bondeni, kona ndogo tu, likaruka kushoto — kraa! Trekta la ushirika, dereva mie, aibu mie. Wanawake wa mpunga wote wamesimama wananitazama. Ami Hamad, ndugu yake marehemu baba, keshasema zamani: mwanamke na trekta, wapi na wapi. Nimempigia fundi wa Wete.

Jumatano, 5 Februari 2025
Fundi kaja na pikipiki yake. Hudhaifa. Mkojani, mtu wa kisiwa cha wavuvi — lakini bahari haimtaki! Anatapika hata akivuka kwenda kwao. Kasema mwenyewe, bila haya. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Tangu niachwe sijacheka vile.

Tatizo ni stebilaiza, ile mikono miwili ya pembeni inayozuia jembe lisiende huku na huku. Mmoja umepinda, mwengine umekatika. Kaleta mipya. Angefunga akaenda zake. Hakufunga. Kanipa spana.

"Fanya weye, Bi Rahila. Siku nikiwa sipo utamwita nani?"

Sikuipenda ile "sipo".

Jumamosi, 8 Februari 2025
Nimechimba shamba la Bi Saada, mwenzetu wa ushirika, lote. Jembe kimya! Nimefuata vile alivyonionesha: zima injini, shusha jembe chini, zungusha bomba la katikati ya kila mkono mpaka mikono ilingane, kisha kaza nati. Ukichimba, liachie jembe lipumue, licheze kidogo. Ukirudi njiani, kaza kabisa. "Lipumue" — neno lake. Najikuta nalisema peke yangu kitini.

Kazi safi. Na sina tena sababu ya kumwita. Ya Rabbi, kanifundisha vizuri mno.

Jumapili, 16 Februari 2025
Leo niliishika ile nati. Nikasema, niilegeze kidogo tu... Spana mkononi kabisa! Nikaiacha. Tairi likipasuka, watakaokosa mpunga ni kina Bi Saada, na mvua haingoji moyo wa mtu.

Mikono inanuka grisi. Sikuharakia sabuni.

Jumanne, 18 Februari 2025
Posa! Ami Hamad ndiye kaileta. Bwana Haroub, mwenye duka la vitambaa Konde, kafiwa na mke. Mtu mwema, sina la kumsema. Anataka ndoa kabla ya Ramadhani. Nikauliza, na trekta? Ami kacheka. Ati nitastarehe sasa, mwanawe, jua limeshanitosha.

Kustarehe! Kule juu ya kiti ndiko ninakostarehe.

Alipoondoka, mama kaniuliza taratibu kama yupo mwengine. Nikasema hayupo. Mtu hajatamka neno, atakuwaje yupo? Na mie nimetamka lipi?

Jibu Ijumaa, baada ya sala.

Alhamisi, 20 Februari 2025
Sikula. Nimelivunja tuta la watu mchana kweupe. Bi Saada kapiga kelele: "Rahila, uko wapi leo?"

Wete, nilitaka kumwambia.

Ijumaa, 21 Februari 2025
Nimempigia! Kabla ya adhana, nyuma ya banda la trekta. Kapokea hapo hapo.

"Stebilaiza imelegea?"

"Haijalegea."

"Jembe je?"

"Zima. Kila kitu kizima, Hudhaifa."

Nyuma yake watu wanagonga vyuma. Basi nikasema, upesi, nisije nikarudi nyuma: nimeposwa, jibu leo. Vyuma vikanyamaza. Sijui kawanyamazisha yeye?

"Bi Rahila, mie..." Kisha sauti yake ikawa nyengine kabisa, kama mtu anayetafuta viatu atoke: "Walii wako nani? Anakaa wapi?"

Nikamtajia Ami, ndiye wa kuniozesha. Nikaanza kumwelekeza njia — simu ikazima. Chaji! Na umeme hakuna tangu asubuhi.

Sijui kasikia mpaka wapi.

Sasa wametoka msikitini. Ami yuko barazani na watu wa Bwana Haroub, nasikia vikombe vya kahawa. Mama kaja mlangoni. "Wanangoja, mwanangu." Naja, mama. Kaja tena. Safari hii kanitengeneza mtandio tu.

Pikipiki inapanda njia ya kwetu. Au inapita? Ami ananiita kwa jina langu lote. Nasimama. Jibu ninalo — hata kama pikipiki ile inapita tu, simtaki Bwana Haroub, nitawaambia kwa adabu. Naja, Ami.