Kidirisha cha Mheshimiwa

Dada Upendo,

Shikamoo. Mwezi umepita tangu tukuzike kwenu Akheri. Nakuandikia nikiwa kazini, hapa kwenye kituo chetu cha wanyama Usa River, nyuma ya banda la tumbili tulipozoea kunywa chai.

Nina jambo la kukiri. Kile kidirisha ulichomtengenezea Mheshimiwa, nilikifunga. Unakumbuka ulivyotoboa ukuta kwa ubishi wako, ukaweka kibao anachoweza kukisukuma mwenyewe achungulie nje? Nilikucheka. Nikasema tumbili mzee kama yule mpe ndizi tu, inatosha. Ukaweka ndizi pembeni, ukaniambia, "Subiri uone, mdogo wangu." Akaipita ndizi, akaenda kusukuma kibao. Miti wala hakuijali. Alitaka kutazama watu, na wewe kuliko wote. Uliringa wiki nzima.

Kwa hiyo ulipofariki niliogopa. Nilijua atakutafuta pale, nami nisingeweza kuvumilia kumwona akikutafuta. Nikapigilia misumari. Nilidhani ndiyo huruma, dada. Akaanza kujinyonyoa manyoya ya mkono, chakula akawa anakigusagusa tu. Baada ya wiki mbili daktari wa wanyama akaniuliza, "Hapa umeziba nini?" Nikang'oa misumari huku nalia.

Siku kadhaa alikaa akitazama njia uliyokuwa ukijia. Jana Rehema, binti aliyechukua nafasi yako, alikuwa anasuuza ndoo bombani. Mheshimiwa akamkodolea macho, kibao amekishika hakiachii. Alipotosheka akashuka, akala viazi vyote.

Sikufichi, nilikasirika. Nilitaka aendelee kukungoja. Nikamkasirikia mnyama, hebu fikiria. Halafu nikajiona mimi mwenyewe: huyo Rehema nimefanya naye kazi wiki tatu sijamwangalia usoni. Namsalimia huku naangalia chini, utadhani yeye ndiye aliyekuondoa. Leo nimemtazama. Ana mwanya. Anaogopa kukosea, na anayeogopwa zaidi ni mimi.

Nimekukumbuka sana, dada. Pumzika. Kidirisha hakitazibwa tena maadamu nipo hapa. Na kigoda chako, nilikuwa nakiwekea gunia la karanga juu yake ili asikikalie mtu. Nimeliondoa asubuhi hii. Rehema anakuja na chupa ya chai, acha niishie hapa nimkaribishe akae.

Mdogo wako,
Nai