Shemeji na Mbawakavu

Chumba cha Uchoraji,
Kituo cha Wadudu,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo dada. Hujambo na wanao? Goti limepoa? Sisi wazima, ila macho yananiwasha kwa kuinamia hadubini kutwa.

Barua yako nimeipata. Wataka nimwombe radhi shemeji yetu, mume wa mdogo wetu Kitinda, eti nimemwaibisha. Dada, umelishwa maneno.

Tunatengeneza kitabu cha wadudu wa shambani, mkulima atazame picha ajue yupi wa kuua na yupi wa kuacha. Mkurugenzi akaona michoro yangu imepooza, akamleta shemeji "atie uhai". Uhai gani! Nyigu wetu anayemaliza viwavi kamchorea mabawa yanayotokea tumboni, kampaka na rangi za nondo mharibifu. Mkulima akimwona si atampulizia dawa? Nikamwambia taratibu. Akanipungia mkono kama anafukuza nzi: "Shemeji, wewe hesabu miguu. Mimi nachora roho."

Roho! Kipepeo wake hakuwa na mguu hata mmoja, na nilijua alikomtoa: kwenye kibanio cha nywele cha mkewe.

Siku ya kuwaonyesha wageni michoro, mkurugenzi akamtoa mbawakavu mzima chupani, akamwomba bingwa amchore palepale. Mdudu mpole, akajitembelea zake mpaka kwenye mkono wa shati lake. Dada, mwanamume yule na ndevu zake alipanda juu ya kiti akilia, "Mtoeni! Mtoeni!" Anajiita mchoraji wa viumbe, kumbe hajawahi kushika hata sisimizi.

Nilimchukua mdudu nikamrudisha chupani. Kurasa zake zimeondolewa, zangu zimekwenda kupigwa chapa, naye anatangaza kwamba tumeua sanaa. Nimwombe radhi kwa lipi?

Jambo moja shemeji hakukuandikia. Wa kwanza kucheka alikuwa Kitinda, aliyekuja siku hiyo kumtazama mumewe. Yeye ambaye kwake huongea kwa kunong'ona, asimkatize bwana mkubwa mawazo, alicheka mpaka akashika ukuta. Alipokaripiwa akazidisha. Sasa yuko kwangu. Analala mpaka jua linawaka, na anaimba akiosha vyombo.

Usimwandikie arudi.

Nisalimie Shangazi, mabinti zako, na mumeo mpole asiyejua kuchora chochote, Mungu amzidishie. Nawe akupe afya na usingizi mzuri.

Mdogo wako akupendaye, hata unapotetea wapuuzi.